Ng'ombe Lazima Warudi

Kuna mama mmoja anauza maziwa karibu na stendi ya Bunda, na mpaka leo anatumia kibuyu. Wenzake wote walishahamia kwenye madumu ya plastiki, na siwalaumu, dumu halipasuki. Wiki iliyopita nilisimama kwake kwa bahati tu, nimebeba madaftari ya wanafunzi wangu, na alipofungua kifuniko harufu ikanikamata kooni. Yalikuwa maziwa mgando yaliyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mtu wa rika langu aliyekulia Mara hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, unachukua kijinga cha moto, unakisugua ndani ya kibuyu kitupu mpaka moshi uingie kwenye kuta zake, ndipo unamimina maziwa. Nilinunua kikombe nikanywa nimesimama, na machozi yakanitoka mbele za watu. Yule mama akaniuliza kama maziwa yameharibika. Nikamwambia hapana, yako sawasawa kabisa.

Madaftari yenyewe yalikuwa ya zoezi la Kiingereza, darasa la sita. Jaza nafasi iliyo wazi kwa "must", "may", "can" au "should". Nafundisha zoezi hilo kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wanajaza kwa kubahatisha, wengine wanajaza "must" kuanzia juu mpaka chini wakiamini kwamba moja au mbili hazitakosa kuwa sahihi. Siwagombezi sana. Maneno hayo manne mimi mwenyewe sikuyaelewa kwa kukariri, na siku niliyoyaelewa ningependa zaidi kubaki mjinga.

Tulikuwa tunaishi Mwitongo, Butiama, watu watatu katika boma moja: Bibi Wakuru, mama yangu Robi, na mimi Nyangeta. Bibi hakuwa mama yake mama yangu. Alikuwa mume wake. Najua mliotoka mbali mmeinua macho hapo. Watu wa kwetu wanaendelea kusoma bila shida. Bibi aliolewa, akafiwa na mume kabla hajapata mtoto, na kwa mila zetu mwanamke wa namna hiyo, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba isife. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi alitoa ng'ombe, wakaenda ng'ambo ya mto Mara kwa babu yangu mzaa mama, na Robi akaletwa Mwitongo. Nikazaliwa mimi. Mwanamume aliyehusika alikuja akaenda, na hakuna aliyenihimiza nimjue. Siku nilipouliza baba yangu ni nani, Bibi aliacha kupepeta mtama akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi mchana kweupe.

"Baba yako ni mimi," akasema. "Una swali lingine?"

Sikuwa nalo. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kufukuza kuku.

Neno la Bibi lilikuwa moja, lazima. Lazima maji yawe ndani kabla jua halijazama. Lazima kibuyu kifukizwe vizuri, siyo kulambishwa moshi juu juu. Lazima mtoto asome. Hakuwa mtu wa kupiga, sijawahi kuona mkono wake kwa mama yangu wala kwangu, lakini akisema lazima hata mbwa alikuwa anakaa. Mama aliitikia "Ndiyo, mama" na kunyanyuka. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye nguvu ambazo hukuziona mpaka umwone na ndoo kichwani na mzigo wa kuni mgongoni anapanda kilima huku anaongea. Alikamua, alilima, na mara moja kila wiki alikwenda Musoma, kwenye mwalo wa Mwigobero mitumbwi inapofikia, kuchukua dagaa wa kuja kuuza Butiama. Alirudi ananuka ziwa. Nililala kwenye mgongo wake nikiivuta ile harufu ya dagaa, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema "nataka".

Mwaka mmoja nikiwa shule ya msingi tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Kulwa, kijana mpole kutoka Bunda. Kiatu chake kimoja kilikuwa kinacheka mbele, naye alikuwa anakificha nyuma ya mguu wa meza. Alikuwa na njia yake ya kufundisha. Aliandika maneno manne ubaoni akatuambia tusiyaone kama maneno, tuyaone kama watu wa nyumbani.

"Huyu 'must' ni baba," akasema. "Akisema, imekwisha. 'Should' ni mama, anashauri: ingefaa uvae sweta. 'Can' ni kaka yako mwenye nguvu, anayeweza kubeba gunia. Na 'may' ni mgeni. Anasimama mlangoni anabisha hodi, anasubiri akaribishwe."

Darasa zima lilifurahi, hata wale wa nyuma waliokuwaga wanalala. Mimi nilianza kuwapanga watu wa kwetu. "Must" alikuwa Bibi, hilo halikuwa na ubishi. "Can" alikuwa mama, maana nani mwingine alibeba magunia? "Should" hatukuwa naye. Kwetu hakuna aliyeshauri, kulikuwa na anayesema na anayeitikia. Na "may" pia hatukuwa naye, kwa sababu wageni wetu hawakubisha hodi. Walikuwa ukoo, waliingia wakiwa tayari wanalalamika. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefika, nina siri ya Kiingereza ambayo Bibi mwenyewe haijui.

Mgeni anayebisha hodi alikuja siku chache baadaye. Nilikuwa kwenye jiko la nje napukuchua mahindi niliposikia sauti ya kiume langoni, hodi ya taratibu, tena na tena, na mwenye sauti haingii. Nikachungulia. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia nyeupe kichwani, mikono mikubwa yenye madoa meusi ya lami, na sato wawili wamefungwa kwa kamba. Nilimjua. Alikuwa Salumu, fundi wa mitumbwi pale Mwigobero. Mama alinipitisha kwake likizo moja, nikakaa kwenye rundo la maranda huku wao wanaongea juu ya mvua. Niliona wameongea sana kwa jambo dogo kama mvua.

"Shikamoo mama," akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka.

"Marahaba. Pita ukae," akasema Bibi. Kisha akageuka. "Robi, nenda kisimani."

Maji yalikuwepo, mapipa yote yamejaa. Mama alichukua ndoo akaenda hivyo hivyo bila kutazama nyuma. Mimi nikabaki na mahindi yangu, na kwa kuwa jiko letu lilikuwa la fito na ukuta wake ulikuwa na matundu, nilisikia.

"Nimekuja kwa heri, mama."

"Samaki naona ni wa heri. Sema wewe."

Hapo Salumu alishusha sauti akasema maneno mengi, na mimi nikaambulia vipande tu. Nilisikia "mwaka mzima", nikasikia "heshima", nikasikia "kama utaniruhusu". Nikasikia Bibi akisogeza kigoda chake. Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ambayo hata mbwa anaijua, "Basi ng'ombe lazima warudi. Warudi kama walivyokwenda, wazima, wenye maziwa."

"Watarudi, mama," akasema Salumu.

Sasa niwaambie mtoto wa Mara anaelewa nini akisikia maneno hayo. Nilikuwa nasikia tangu nikiwa mdogo kwamba Bibi alikuwaga na zizi lililojaa, kisha ng'ombe wakaenda, akabaki na wachache tu wa kukamua. Hakuna aliyeniambia wamekwenda wapi. Na kwetu, ng'ombe wakienda na zizi likabaki na kinyesi kikavu, maana ni moja: wameibiwa. Wazee walikuwa wanasimulia habari hizo kila jioni. Kwa hiyo niliunganisha mwenyewe. Fundi Salumu, mtu wa kuzunguka mialo yote ya ziwa, ameona ng'ombe wa Bibi mahali fulani, amewatambua, na amekuja kusema. Nilitamani kumkumbatia. Nilimwona ni mtu mwema kuliko wote waliowahi kukanyaga Mwitongo, na usiku nilipokula sato wake nilikula mpaka kichwa.

Asubuhi yake Mwalimu Kulwa alitaka kila mtu atunge sentensi ya jambo la kwao. Wengine wakatoa zile za kitabuni. Mimi nikanyoosha mkono mpaka nikanyanyuka kwenye dawati.

"Our cows must come back," nikasema.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapigia mstari chini ya "must", akasema hiyo ndiyo sentensi safi, ina uhai, ina nguvu, wote waige. Akageuka kutusubiri tupige makofi. Hakuna aliyepiga. Watoto wa Butiama wote walikuwa wananitazama, na hawakuwa wananicheka. Ningejua la kufanya kama wangenicheka. Walikuwa wananitazama kama anavyotazamwa mtoto wa msibani. Mwalimu Kulwa, mgeni wa watu, alidhani hawajaelewa Kiingereza, akairudia sentensi polepole.

Wakati wa mapumziko Ghati, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, alinivuta mpaka nyuma ya vyoo. Ghati alikuwa na midomo mirefu lakini siku hiyo alitafuta maneno.

"Ng'ombe gani wanarudi kwenu?" akauliza.

"Wa Bibi. Walioibiwa."

"Hawakuibiwa, Nyangeta. Walikwenda kwa kina mama yako, mahari." Akanishika mkono. "Ng'ombe wa mtu wakirudi, huyo mtu anaondoka."

"Anaondoka na watoto?"

Ghati akachora chini kwa kidole cha mguu. "Watoto ni wa nyumba," akasema.

Nilikuwa naijua sheria hiyo. Kila mtoto wa kwetu aliijua, niliwahi kuisikia ikitajwa kwenye kesi za watu wengine na haikunigusa. Ilinigusa nyuma ya vyoo vya shule. Nilikaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya shule. Ghati naye akakaa, namshukuru mpaka leo.

Wenzetu walipotoka jioni nilirudi darasani. Mwalimu Kulwa alikuwa anasahihisha, amevua kile kiatu. Sentensi yangu ilikuwa bado ubaoni, na mstari wake chini.

"Mwalimu, naomba uifute."

"Kwa nini? Iko sahihi kabisa."

"Ndiyo maana naomba uifute," nikasema. "Weka 'may'. Au weka 'should', kama ni ushauri tu."

Alikuwa anataka kutabasamu, kisha akaniona usoni, akaacha. Nikamweleza yote, kwa kwikwi, na sidhani kama nilieleza kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kwa upole kama nadhani neno likibadilika ubaoni litabadilika na nyumbani. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa naamini kweli. Yeye si ndiye aliyelipigia mstari? Akachukua dasta akafuta sentensi yote, na chaki ikamwangukia kwenye soksi.

"Nyangeta," akasema, "niliwafundisha nusu. Neno hili huwezi kulichagua kabla hujajua anayesema ni nani, na anamwambia nani. Mimi hapa nimefuta ya kwangu. Ya nyumbani anayo bibi yako."

Nikaondoka nimemkasirikia. Nilitaka aniwekee "may", siyo anifundishe.

Kabla ya kwenda kwa Bibi nilimwendea mama. Alikuwa anaosha vyombo vya maziwa, mikono yake ndani ya maji ya moto.

"Mama, ng'ombe wakirudi, wewe unaenda?"

Hakushtuka. "Bibi yako ndiye anayesema," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

Alisugua kibuyu kile kile ambacho kilishatakata. Alikisugua sana. "Mimi nimeomba," akasema hatimaye, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mwenzangu wa darasani. "Sijawahi kuomba kitu katika nyumba hii. Hiki nimeomba."

"Uliomba na mimi?"

Akatoa mikono majini akanivuta, akanishika kwa nguvu mpaka mbavu zikauma, na maji ya vyombo yakanilowesha mgongo. Nilijua jibu lilikuwa kwenye ile sheria, na yeye alijua ninajua. Sikwenda tena kwa Bibi. Niliogopa kulisikia lile neno likitoka kinywani mwake.

Habari ikatembea. Mzee Wambura, mdogo wake marehemu mume wa Bibi, alikuja akiwa amechafuka roho. Nyumba ya kaka yake haina mtoto wa kiume bado, akasema, na sasa mke anataka kwenda kuolewa na fundi wa mitumbwi, tena wa dini nyingine, tena kwa samaki wawili. Bibi alimwacha azungumze mpaka akachoka. Halafu akamwambia ng'ombe walikuwa wake, aliwatoa yeye, na kama wakirudi wanarudi kwake. Mzee Wambura hakuwa na pa kushika hapo. Akashika penye mila.

"Sawa," akasema. "Lakini watakaguliwa. Akipatikana mmoja tu mwenye kasoro, wote wanarudi walikotoka na Robi anabaki. Na fundi asikanyage hapa tena."

"Ndivyo ilivyo," Bibi akakubali.

Nilishika maneno hayo kama mtu aliyetupiwa kamba. Mmoja tu. Salumu alikuwa fundi mitumbwi. Ng'ombe alikuwa anamjua kwenye sahani. Angenunua wapi kama siyo mnadani Bunda, ambako hata wafugaji wenyewe wanauziwa wagonjwa? Niliomba Mungu kila siku, asubuhi na jioni, aniletee ng'ombe mbovu.

Waliletwa asubuhi yenye ukungu. Salumu alitembea nyuma yao na vijiti viwili mkononi, suruali imechafuka mpaka magotini, anaogopa kila mmoja aliyegeuza pembe. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Mama alikuwa ndani, hakutakiwa kuonekana. Mzee Wambura akaanza kazi. Alifungua midomo akahesabu meno, akainua kwato, akapiga mbavu, akavuta mikia, kila mmoja alimzunguka kama askari anayekagua mzigo. Hakupata kitu, na uso wake ulizidi kukunjamana. Kiwele hakukigusa. Kwetu mambo ya maziwa ni ya wanawake, na kiwele alikikagua Bibi.

Bibi alipita taratibu, anainama, anabonyeza, anasogea. Kulikuwa na mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, mtulivu, mzuri kuliko wote. Bibi aliinama kwake, akanyanyuka, akaenda kwa aliyefuata. Mimi nikajipenyeza nyuma yake. Nilikuwa nimeanza kujifunza kukamua mwaka huo, vidole vyangu vilikuwa vinajua. Nikashika titi la kwanza, likatoa. La pili, la tatu, yakatoa. La nne lilikuwa gumu kama kijiti, baridi, halina kitu ndani. Nikalibonyeza tena kuhakikisha. Lilikufa zamani.

Mungu alikuwa amenisikia. Nikakimbia nikamshika Bibi kanga yake, nikamvuta ainame.

"Bibi," nikamnong'oneza, "yule mwekundu titi lake moja limekufa."

Bibi alinitazama. Nimeishi na macho yale miaka mingi baadaye, nikiwa msichana, nikiwa mwanamke, nikiwa namuuguza, na sikuyaona tena kama yalivyokuwa asubuhi ile. Hakushangaa hata kidogo. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameshaliona.

"Mtoto anasemaje?" akauliza Mzee Wambura kutoka upande wa pili.

Bibi akanyooka. Akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kizito, chenye joto.

"Anasema yule mwekundu ana kiu," akasema. "Mpeni maji."

Kisha akasema ng'ombe wote ni wazima, fungueni zizi.

Nilimchukia Bibi, nalisema wazi. Sikula jioni ile, na nilisubiri aniambie lazima nile ili nipate pa kukataa. Hakusema. Alinisogezea ugali na mlenda, akakaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa moto.

"Ukitaka kula, chakula kipo," akasema.

Sikuwahi kusikia neno hilo kwake, ukitaka. Lilinitisha kuliko lazima zote.

Mama aliondoka siku iliyofuata na mzigo mdogo tu. Alimpigia Bibi magoti, Bibi akamwinua haraka, akamwambia barabara ni mbaya, awahi. Mimi nilijificha nyuma ya zizi. Mama alijua nilipo, alikuja akakaa upande wake wa ukuta na mimi upande wangu, akaniambia nitakwenda Musoma kila likizo, Bibi amekubali, nitaona mitumbwi inavyozaliwa. Nikamuuliza kama ni lazima niende. Akasema hapana, mwanangu, ukipenda. Akaondoka ananuka sabuni. Siku hiyo hakuwa ananuka ziwa kabisa.

Tukabaki wawili. Mzee Wambura alikuja mara kadhaa kumshawishi Bibi achukue wale ng'ombe aoe mwingine, kijana, atakayezaa wa kiume. Bibi alimsikiliza kila mara na kumpa maziwa.

"Mimi nimeshaoa," alimjibu.

Yule mwekundu alimkamua yeye peke yake. Jirani akija kusaidia alimwonyesha ng'ombe wengine. Watu wakasema Bibi anampenda sana yule ng'ombe, anamwonea wivu. Mimi nilijua na nilinyamaza. Hasira yangu iliisha kidogo kidogo, sijui siku gani, labda mojawapo ya zile asubuhi nilizomwona kupitia fito akikamua. Alikuwa anamaliza matatu yenye maziwa, halafu kabla ya kunyanyuka analishika na lile la nne, analiminya mara moja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu.

Mama alikuja kututembelea mara ya kwanza mvua zikiwa zimeanza. Alikuwa amenenepa mashavuni. Alileta dagaa, akaleta na sukari, akafagia uwanja bila kuombwa, na jioni ng'ombe waliporudi alichukua kibuyu kutoka kwenye kigingi kama vile hakuwahi kuondoka. Bibi alikuwa mlangoni, miguu yake ilishaanza kumsumbua. Alifungua kinywa kumwita, lakini mama alikuwa ameshachuchumaa, na kwa kuwa alikuwa na jicho la kumtambua ng'ombe mzuri, alichuchumaa kwa yule mwekundu.

Nilisimama nimeshika ndama. Nilisikia maziwa yakipiga ndani ya kibuyu, ile sauti nyembamba ya mwanzo, kisha nzito. Mkono wa mama ukaenda kwenye titi la nne. Sauti ikakatika. Akajaribu tena, na tena, akilisugua kwa kidole gumba kama unavyofanya kwa ng'ombe aliyegoma. Kisha akatulia. Yeye mwenyewe alilelewa kwenye maboma, alijua ng'ombe wanavyokaguliwa na nani anakagua kiwele. Nikamwona anaelewa. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akabaki hivyo, mabega yake yanatikisika bila sauti.

"Mama," akamwita Bibi baadaye bila kugeuka. "Huyu ungeweza kumkataa."

Bibi alikuwa anatazama kilima, mahali ambapo mvua ilikuwa inakuja.

"Kamua, Robi," akasema. "Matatu yanatosha."